Mzee anakula kwenye meza ya kazi: risiti zina mafuta, kibodi inanata, mende wameanza. Tuanzie wapi?

Karani wa Kinondoni (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Ofisi ni ya uhasibu, ghorofa ya pili, chumba kimoja, watu sita kwenye meza moja ndefu. Kiyoyozi kimoja, dirisha halifunguliwi kwa sababu ya vumbi la barabarani. Jiko hatuna. Kuna maikrowevu juu ya friji ndogo karibu na mlango, basi. Bomba na choo viko ghorofa ya chini.

Mwenzetu mmoja, mzee wa heshima zake na kazi anaijua kuliko sisi wote, anakula hapohapo mezani kutwa nzima. Asubuhi supu na chapati, saa nne vitumbua au mihogo ya kukaanga, saa nane wali samaki wa mama ntilie, jioni karanga. Kompyuta ya kuandalia ritani za kodi tunapokezana, na sasa kibodi yake inanata, ukibonyeza 5 inaandika 555. Risiti za EFD (zile za mashine ya kielektroniki ya kodi) za wateja zina alama za vidole, nyingine zimeanza kufifia. Miba na mifupa inaishia kwenye ndoo ya karatasi iliyo chini ya meza, na msafishaji haji mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Sisimizi wana mstari wao kutoka ukutani hadi droo ya tatu. Wiki hii tumeona mende wadogo wa kahawia nyuma ya maikrowevu.

Bosi kasema tumalizane wenyewe. Naomba ushauri wa usafi wenyewe, na wa namna ya kumfikishia ujumbe asione tumemkalia kikao. Nawasilisha.

Pilipili Kichaa

Subirini Ramadhani mkuu. Siku 29 au 30 za kibodi safi, bure kabisa.

Mtunza Majalada

Anza na risiti, tena leo. Kibodi ikifa mtanunua nyingine, risiti ya mteja ikifutika huna duka la kuinunua.

Karatasi ya EFD haina wino. Imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto la kichwa cha printa, ndiyo maana ukiikwaruza kwa ukucha inaacha mstari mweusi. Dawa hiyo haielewani na mafuta. Kidole chenye mafuta ya samaki wa kukaanga kikitua juu ya jumla ya fedha, siku ya kwanza unaona doa linalong'aa tu. Baadaye tarakimu zilizo chini ya doa zinapauka huku za pembeni ziko vilevile. Hapo ndipo watu wanapodhani mashine ya muuzaji ilikuwa mbovu.

Kosa la pili ni kukimbilia sanitaiza. Alkoholi inaiamsha ile dawa, na karatasi inaweza kugeuka nyeusi mkononi mwako. Msiipitishe kwenye mashine ya lamineti pia, maana ile hufanya kazi kwa joto na risiti itatoka kama mkaa. Selotepu juu ya maandishi nayo huyafifisha, na vilevile ile mifuko ya plastiki laini ya kwenye mafaili.

Yenye mafuta iwekeni katikati ya tishu mbili, mbonyeze kwa kiganja bila kusugua. Halafu ipigeni picha mkianzia chini, penye QR na namba ya uhakiki. Hizo zikisomeka, risiti mtaiona kwenye tovuti ya uhakiki ya TRA (Mamlaka ya Mapato) hata kama juu kumebaki kweupe. Kisha fotokopi kwenye karatasi ya kawaida, risiti tatu au nne kwa A4 moja, nakala na halisi vikae pamoja kwenye bahasha ya karatasi mbali na jua. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zikae miaka 5, na risiti iliyolambwa na mafuta haifiki huko.

Halafu msimwangushie mzee jumba bovu lote. Anayepaka losheni saa tatu kamili na kushika risiti saa tatu na dakika tano anaziharibu vilevile.

Fundi wa Batani

Kibodi inayoandika 555 haina shida ya makombo, hiyo ni sukari. Mafuta na chembe za vitumbua hufanya batani iwe nzito au ikwame. Kujirudia au kufa kabisa mara nyingi ni soda, chai au juisi iliyoingia chini. Kibodi za kawaida za kompyuta ya mezani zina raba chini ya batani, na chini ya raba kuna karatasi tatu za plastiki zenye njia za umeme. Sukari ikipenya katikati ya hizo karatasi inashika unyevu na kugusanisha njia. Muulizeni kila mtu kuhusu chai yake kabla hamjamnyooshea kidole mla samaki.

Kuisafisha: zima kompyuta, chomoa kibodi, ipige picha ili ukumbuke mpangilio. Igeuze kichwa chini juu ya gazeti, igonge mgongoni kwa kiganja mara kumi hivi, halafu brashi ya rangi ya inchi moja, mpya na kavu, kupita kati ya mistari kibodi ikiwa bado imeinama. Watu wengi hupuliza kibodi ikiwa imelala chali. Hapo unayasukuma makombo yaingie chini zaidi. Kama mna kopo la hewa, lishikeni wima na mpulize kidogokidogo, maana likiinama linatoa kimiminika badala ya hewa.

Batani za herufi na namba zinang'oka kwa kuziinua kutoka kona ya juu kwa bisibisi bapa nyembamba iliyozungushiwa selotepu. Ile ndefu ya nafasi, Enter na Shift ziacheni, chini zina kiwaya cha kusawazisha ambacho kurudisha kwake kunahitaji subira ya fundi. Batani zilizong'olewa loweka kwenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji dakika 20, suuza, kausha kivulini usiku mzima. Pale chini pitisha pamba ya masikioni yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, iliyokamuliwa, isidondoke. Ile spiriti ya rangi ya zambarau ya dukani siyo hiyo, itawaachia rangi.

Ikiendelea kuandika 555 baada ya hapo, karatasi za ndani zimeshashika sukari. Nunueni nyingine, na safari hii wekeni kifuniko cha silikoni kinachooana na modeli yake. Kifuniko cha "saizi zote" hakikai sawa juu ya batani, mtakitupa kabla ya Ijumaa.

Laptopu msiing'oe batani hata moja. Vishikio vyake ni vyembamba kama ukucha wa mtoto. Ishike imeinama karibu wima, nyuzi 75 hivi, piga hewa kutoka kushoto kwenda kulia, igeuze upande mmoja, rudia, kisha upande wa pili. Ikimwagikiwa supu: zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, ifungue kama hema kichwa chini, na isiwashwe mpaka fundi aifungue. Kuizika kwenye mchele hakusaidii kitu. Chumvi ya supu inabaki ndani inakula bodi.

Bwana Afya

Nimesoma maelezo yako mara mbili, na kilichonishtua zaidi ni ile ndoo. Miba inaingia saa nane mchana, inatoka saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa 16 ndani ya chumba kilichofungwa. Mende hawahitaji mwaliko mwingine.

Ndoo ya karatasi ibaki ya karatasi. Nunueni ndogo ya pili yenye mfuniko wa kukanyaga, lita 5 zinatosha. Ikiwa kubwa mtasubiri ijae. Mifupa na miba ifungwe kwenye gazeti kabla ya kuingia, na ndoo ishuke chini kila siku saa tisa alasiri, kwa zamu, mzee naye awemo kwenye zamu. Msiwekeane zamu ya "kusafisha baada ya fulani", hiyo ni vita.

Harufu inayobaki mpaka jioni haitoki kwenye sahani. Kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya, kinavuta hewa ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Mvuke wa mafuta unanasa kwenye chujio pamoja na vumbi, na kila mkiwasha mnapuliziwa samaki wa juzi. Fungua kifuniko cha mbele, toa chujio, osha kwa maji ya kawaida na sabuni ya maji, kausha kivulini, rudisha. Kwa ofisi yenu kila wiki mbili. Na vumbi lisiwe kisingizio: fungueni dirisha na mlango dakika 10 baada ya chakula, kiyoyozi kimezimwa. Manukato ya kupuliza yanachanganyika na samaki mnapata kitu cha tatu kibaya kuliko vyote viwili.

Maikrowevu: kikombe cha maji (mililita 250) kwenye bakuli la kioo, nusu limau iliyokamuliwa na maganda yake, kijiti cha mti ndani ili maji yasilipuke ghafla, dakika 3. Usifungue kwa dakika 5. Mvuke unalainisha mafuta yaliyogandia juu, na tindikali ya limau ndiyo dawa hasa ya shombo. Futa dari yake pia, pale ambapo hakuna mtu anayetazama. Sahani ya kioo itoke ioshwe, na kile kipete chenye magurudumu chini yake.

Madoa ya njano ya binzari kwenye meza nyeupe msishangae yakigeuka mekundu mkiyapaka sabuni au magadi. Ni tabia ya binzari ikikutana na kitu kama magadi. Suuza kwa limau, na kama kitu kinabebeka kitoeni juani, jua linaipausha binzari kuliko sabuni.

Sasa wadudu, na hapa wengi wanakosea. Mende mdogo wa kahawia mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa ndiye mende wa ndani. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 na halikiachi mpaka yakaribie kuanguliwa, kwa hiyo ukiwapuliza dawa ya kopo unaua unaowaona na waliobaki wanahamia kwenye droo. Tumieni jeli ya mende. Matone madogo kama punje ya mchele, mengi, si bonge moja: nyuma ya maikrowevu, kwenye raba ya mlango wa friji upande wa bawaba, chini ya ukingo wa meza, ndani ya fremu ya droo. Msipulize dawa ya kopo karibu na jeli, watakataa kuila. Angalieni baada ya wiki mbili, palipoliwa ongezeni. Maboksi ya karatasi za fotokopi yaliyo sakafuni yapandisheni au yatoeni, ndiko wanakolala.

Sisimizi wanafuata mstari wa harufu. Kabla ya kuufuta utumieni: changanya maji nusu lita, sukari gramu 50 (vijiko vinne vya mezani), asidi ya boriki gramu 5 (kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa). Lowesha pamba, weka kwenye kifuniko cha chupa kando ya mstari wao. Siku ya kwanza watajaa, mtadhani nimewadanganya. Waacheni. Dawa ni hafifu makusudi ili wafike nayo kiotani. Ukiongeza boriki wanafia njiani na kiota kinabaki. Wakiisha, futeni njia yao yote kwa maji ya sabuni. Chupa iliyobaki iandikwe SUMU na isikae kwenye friji ya chakula hata dakika moja.

Na wali wa saa nane unaoachwa mezani mpaka saa kumi na moja "nitaumalizia"? Chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili nje, na chumba kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Wali una kijidudu kinachostahimili kupikwa, kikizaliana kinatoa sumu ambayo maikrowevu haiiondoi. Hilo mwambieni mzee kwa faida yake.

Afisa Utumishi Mstaafu

Wote mmeongea vizuri ila hakuna aliyeuliza swali la bomba. Mtu anakula wali kwa mkono, bomba liko ghorofa ya chini, simu inaita, mteja amesimama. Atajifuta kwa tishu na kushika faili. Tishu haitoi mafuta, inayasambaza tu. Hata angekuwa malaika risiti zingepata mafuta.

Kwa hiyo kabla ya kusema neno lolote, tengenezeni sehemu. Meza ya sentimita 60 kwa 60 na viti viwili karibu na friji inatosha, maana hamli wote sita kwa mpigo. Ndoo ya lita 20 yenye koki juu ya stuli, beseni chini, sabuni ya maji (kipande kinakwisha na kinabaki na mafuta), taulo mbili zinazobadilishwa kila siku. Mtu mmoja hutumia kama nusu lita kunawa vizuri, kwa hiyo ndoo moja inawatosha siku nzima na inabaki. Mwekeni hapo na trei ya plastiki yenye ukingo, kwa siku ambayo kazi imebana na mtu lazima ale mezani kwake. Siku hiyo haiepukiki, tarehe za ritani mnazijua.

Kumwambia mtu "usile hapa" wakati hakuna "pale" ni kumfukuza, si kumrekebisha.

Kisha mwambie, mtu mmoja, faragha, asubuhi kabla supu haijafika. Usimwambie akiwa anatafuna. Jambo moja tu, lile lenye madhara ya kazi: "Mzee shikamoo. Naomba dakika mbili. Risiti za EFD zikiguswa na mafuta zinafutika, mbili za yule mteja zimeshaanza. Tumeweka meza na maji ya kunawa pale kwenye friji, naomba tuitumie sote wakati wa chakula." Mwonyeshe risiti yenyewe. Usiguse habari ya harufu, ya mifupa, wala ya namna anavyotafuna. Ukitaja matano atakumbuka lile lililomuuma, na ndilo ambalo halina dawa.

Msibandike tangazo ukutani. Kila mtu anajua limeandikwa kwa ajili ya nani. Kijembe kilichobandikwa kwa gundi hakitoki.

Na kwa bosi: barua ya onyo si mahali pa kuanzia. Kanuni za Utendaji Bora za sheria ya kazi, Tangazo la Serikali (GN) 42 la 2007, zinataka makosa madogo yaanze na ushauri na marekebisho yasiyo rasmi. Akikataa kabisa baada ya sehemu kuwekwa na kuambiwa, hapo msimamizi aandike utaratibu wa ofisi kwa wote: chakula kinaliwa wapi, taka zinatoka saa ngapi.

Mtu wa Tanga

Afisa nakuheshimu ila hapo kwenye "mtu mmoja" pana kasoro. Kijana wa miaka 27 kumwita mzee pembeni kuzungumzia vidole vyake, hata aanze na shikamoo tatu, mzee atasikia "mtoto ananifundisha kula". Ofisi yoyote ina mtu wa rika lake au anayetaniana naye. Huyo ndiye apeleke maneno, tena kwa utani: "Bwana wewe, samaki wako wamekula risiti za watu." Atacheka, atahamia meza ile, hakuna aliyevunjiwa heshima. Kama ana mtani wake wa kabila hapo ofisini mmemaliza kazi, mtani anaweza hata kumnyang'anya sahani.

Jambo jingine dogo. Siku ya kwanza ya hiyo meza, kaeni ninyi kwanza mle pale, halafu mmkaribishe. "Mzee karibu." Mzee wa Kiswahili akikaribishwa kwenye chakula haendi kukaa peke yake.

Afisa Utumishi Mstaafu

Nimekubali, mtani akiwepo mtumieni. Ila awe na risiti mkononi. Utani bila ushahidi utaishia kwenye kucheka.

Karani wa Kinondoni

Shukrani wakuu. Mtani yupo, dereva wetu, Mzaramo, na mzee ni Mnyamwezi, hapo hamna shida. Swali moja: jeli ya mende na ile pamba ya sisimizi naweza kuweka siku moja? Na kwenye droo ya tatu kuna mafaili ya wateja, naogopa maji ya sukari.

Bwana Afya

Siku moja sawa, mahali mbali. Jeli ikae ndani ya nyufa na bawaba, pamba ikae kwenye njia ya sisimizi ukutani, angalau mita moja kutoka kwenye tone la jeli lililo karibu, la sivyo sisimizi wataikomba jeli kabla mende hawajaifikia.

Ndani ya droo usiweke pamba. Toa mafaili yote, geuza droo juu ya gazeti, utakuta maganda ya karanga kwenye kona za nyuma na pengine kipande cha kitumbua kimekauka kama jiwe. Kung'uta kila faili likiwa wima, mgongo juu. Futa droo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa, iache wazi mpaka ikauke kabisa, kama saa mbili, ndipo urudishe. Sisimizi waliopanda droo wanafuata hizo karanga, hawana habari na mafaili.

Pilipili Kichaa

Na karanga zihamie kwenye chupa yenye mfuniko wa kuzungusha. Za kwenye kikaratasi ndizo zinazomwagika.